Kudhani Si Kupima

Februari ile nilikuwa nimelala ukumbini kwa bibi, Madungu, nimejifunika blanketi. Nje kaskazi imekaza, bati linalia kwa jua, watoto wa jirani wanacheza vifua wazi, na paka wa bibi amejilaza kwenye saruji anatafuta ubaridi. Mimi vidole vya miguu vilikuwa kama vimetoka kwenye barafu. Shangazi akaingia, akanitazama, akasema, “Mashaallah, Dar imekukubali. Umenona.” Kisha akaliona blanketi. Akanyamaza, akapita moja kwa moja jikoni kumnong'oneza bibi.

Nilijua wananong'ona nini. Msichana hajaolewa, kanenepa, analala mchana kutwa, chakula hakitaki. Hesabu ya mtaa ni fupi.

Bibi hakuikubali hesabu hiyo, lakini alikuwa na yake: husda. Mjukuu anasoma shahada ya pili, macho ya watu hayalali. Akafukiza ubani. Jirani akasema ni jini. Rafiki zangu wa chuoni, watu wa vitabu, wakaja na la kwao kwa simu: msongo wa mawazo, pumzika, kunywa maji. Msimamizi wangu wa tasnifu aliona rasimu imechelewa mara ya tatu, akahitimisha kwamba sina bidii. Muuza dawa akaniuzia vidonge vya kuongeza damu. Na mimi mwenyewe, hili ndilo linaloniuma zaidi, nilikubaliana na msimamizi. Nilijiita mvivu mwaka mzima.

Watu wengi, majibu sita. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na kipimo.

Kipimo kilipokuja, Dar es Salaam, kilikuwa kijikaratasi chenye mstari mmoja uliopigiwa alama: TSH 62. Maabara nyingi huweka kikomo cha juu karibu na 4.

Kwa asiyejua, nieleze. Tezi ya thairoidi inakaa mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, umbo lake kama kipepeo. Inatengeneza homoni inayouambia mwili uende kwa kasi gani: moyo upige vipi, utumbo usukume vipi, joto liwe kiasi gani, hedhi ije lini, akili iamke saa ngapi. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo, pituitari, inayoisimamia hii ya shingoni. Ikiona homoni imepungua, hupiga kelele, na kelele hizo ndizo TSH. Kwa hiyo TSH ikiwa juu sana, mara nyingi maana yake ni kwamba tezi ya shingoni imelala na msimamizi wake anapayuka. Wangu alipayuka mwaka mzima, na sisi tukamjibu kwa ubani na vidonge vya damu.

Daktari alisema kinga ya mwili wangu ndiyo inayoishambulia tezi. Ugonjwa huo una jina la daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, aliyeuandika mwaka 1912 baada ya kuchunguza tezi za wagonjwa wanne, wote wanawake. Mpaka leo wanawake ndio wanaoupata kwa wingi kuliko wanaume. Pengine ndiyo maana ni rahisi kuuita uvivu.

Shangazi nimemsamehe. Shangazi hana maabara. Ugomvi wangu ni na wenye maabara, wenye bajeti na wenye shahada, ambao nao wanadhani.

*

Nianze na kisiwa changu, maana kimewahi kuadhibiwa kwa dhana hii hii.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba watu wa visiwani hawawezi kupungukiwa na madini joto. Rovu, ule uvimbe wa shingo, lilihesabiwa kuwa la watu wa milimani, wa nyanda za juu za Bara, ambako mvua za karne na karne zimeuosha udongo. Sisi bahari ipo pande zote. Tunakula changu, dagaa na pweza. Mpemba na rovu wapi na wapi? Bara wakaanza kutia madini joto kwenye chumvi miaka ya 1990. Sisi tukaachiwa bahari yetu itutunze.

Mwaka 2001 watafiti wakaja wakapima. Hawakuuliza tunakula nini. Walizishika shingo za watoto wa skuli, wakapima mkojo, wakapima na chumvi ya nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Unguja, watoto 21 katika kila 100 walikuwa na tezi iliyovimba. Pemba walikuwa 32. Madini joto kwenye mkojo wa watoto wa Pemba yalikuwa kiasi cha mikrogramu 53 kwa lita, ilhali Shirika la Afya Duniani linataka kiwango cha kati kisipungue 100. Unguja, nyumba 63 katika 100 zilikuwa na chumvi yenye madini joto. Pemba ilikuwa nyumba 1 katika 100.

Nyumba moja. Kisiwa kinachoanika chumvi yake mwenyewe, kinachovua samaki wake mwenyewe, theluthi ya watoto wake walikuwa na uvimbe shingoni, na hakuna aliyeshtuka kwa sababu kila mtu alidhani bahari inatosha. Haikutosha. Chumvi ya bahari iliyoanikwa juani haibaki na madini joto ya kumtosha mtu.

Mambo yamesogea tangu wakati huo, na sisemi kwamba hali ya 2001 ndiyo ya leo. Naitaja kwa sababu ndiyo picha iliyo wazi zaidi ninayoijua ya gharama ya kudhani. Dhana ile haikuwa ya kijinga. Ilikuwa na mantiki, ilipendeza masikioni, wasomi waliiamini. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuna aliyekwenda kuitazama.

Ugonjwa wangu si ule wa upungufu wa madini joto, na hapa napo kuna dhana ya kuvunja. Nilipotaja neno thairoidi, watu wenye mapenzi mema waliniletea mwani. Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar. Wanawake wanaupanda, wanaukausha, unapakiwa kwenda nje, na siku hizi unasagwa, unatiwa kwenye sabuni na sharubati, unauzwa kama dawa ya kila kitu. Mwani una madini joto, ni kweli. Lakini kiasi chake hubadilika sana kutoka aina hadi aina, na kwa mtu mwenye ugonjwa wa Hashimoto madini joto yaliyozidi yanaweza kuichosha tezi zaidi. Dawa ya mtoto wa mwaka 2001 inaweza kuwa sumu yangu mimi. Shingo ni ileile, kisiwa ni kilekile, ugonjwa mbali. Utawatenganisha vipi wagonjwa hawa wawili kwa kuwatazama usoni?

*

Tuje kwenye dawa.

Nilipewa levothairoksini, kidonge kidogo cheupe. Si uvumbuzi wa jana. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mwanamke wa miaka 46 maji yaliyotengenezwa kwa tezi ya kondoo. Mwanamke yule alikuwa amevimba, amepooza kwa uchovu. Akaishi miaka 28 zaidi. Siku ya Krismasi ya mwaka 1914, Edward Kendall wa Marekani aliitenga homoni yenyewe. Miaka ya 1920, Harington na Barger wakaitengeneza maabara. Leo ni dawa ya bei nafuu, inatengenezwa na viwanda vingi, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba naililia anasa ya Wazungu.

Lakini ni dawa inayohesabiwa kwa mikrogramu, yaani sehemu za milioni za gramu. Kati ya kidonge cha 75 na cha 100 kuna tofauti ambayo jicho haliioni ila mwili unaiona. Nayo haina haraka: ukiimeza leo, nusu yake bado imo mwilini wiki moja baadaye. Ndiyo maana dozi ikibadilishwa, unangoja wiki 6 hadi 8, kisha unapima tena. Mambo yakitulia, unapima kila baada ya miezi 6, halafu kila mwaka, maisha yako yote. Dozi ikiwa ndogo unabaki umelala. Ikizidi, moyo unakwenda mbio, na ikiendelea kuzidi kwa miaka, mapigo ya moyo yanaweza kupoteza mpangilio na mifupa ikadhoofika.

Narudia, maana hapa ndipo ulipo ugomvi wote. Hii si dawa ambayo kipimo kinaitangulia tu. Kipimo kimo ndani ya dawa. Kidonge bila kipimo ni nusu ya kidonge, na huwezi kujua ni nusu ipi uliyopewa.

Nilirudi Madungu kwa miezi mitano kukusanya data. Vidonge nilivipata mjini Chake bila taabu. Wiki ya nane nikaenda kupima. Kituo cha kwanza: mashine ipo, kemikali za kupimia zimekwisha. Kituo cha pili: tunachukua damu, tunaipeleka Unguja kwa boti, njoo wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mara nne. Majibu yale sijayaona mpaka leo. Mara ya nne mtu wa dirishani alinitazama, akaniuliza kama bado nachoka. Nikasema ndiyo. Akasema, “Basi ongeza. Meza viwili, tutaona.”

Nikameza viwili.

Baada ya mwezi na ushei nilikuwa nasikia moyo wangu masikioni. Mikono ilitetemeka nikishika kikombe. Usiku nahesabu bati. Nilikuwa nimepungua mpaka pete inadondoka. Bibi akasema, “Mwanangu, sasa limepanda kichwani,” akatoa chetezo upya. Kwa mara ya kwanza nilimwonea bibi huruma badala ya kumkasirikia, kwa sababu yeye na yule mtu wa dirishani walikuwa wanafanya kazi moja: wote wawili walinitazama usoni wakakisia. Tofauti yao ni kwamba bibi hakulipwa mshahara kwa kukisia.

Nikaamka alfajiri, nikapanda daladala kwenda Mkoani, nikapanda boti kwenda Unguja. Wazee wa vyombo walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tezi yao ni ile ya nyuma ya jahazi; yangu ya shingoni ilikuwa imenitembeza baharini vilevile. TSH ikawa 0.02. Nilikuwa nimevuka kutoka usingizi hadi wazimu bila kusimama katikati, kwa neno la “tutaona”. Kuona kwa macho gani, kama si ya kipimo?

Nikapiga hesabu nikiwa kwenye boti la kurudi. Nauli ya kwenda na kurudi, daladala, kipimo chenyewe, na zawadi ya mkononi kwa ami aliyenilaza: pesa hizo zingeninunulia vidonge vya zaidi ya nusu mwaka. Nami nina posho ya masomo, nina ami Unguja, nina uwezo wa kusoma karatasi ya maabara. Mwenye shamba la muhogo huko Pujini, mwenye watoto watano, atavuka mara ngapi kwa mwaka?

*

Hapa najua nitajibiwa nini. Nitaambiwa: binti, nchi ni maskini. Kuna malaria, kuna kina mama wanaofia uzazini, kuna watoto wenye utapiamlo. Hiyo TSH yako ni ya daraja la pili.

Nalichukua jibu hili kwa uzito, maana halitolewi na watu wabaya. Lakini naomba tulitazame kwa mfano wa malaria yenyewe.

Mimi ni mtoto wa mwisho wa miaka ya 1990. Udogoni mwangu kila homa ilikuwa malaria. Ukipata joto, unapewa dawa ya malaria. Usipopona, unapewa nyingine. Kuanzia mwaka 2003 Zanzibar ikabadilisha dawa, ikaleta dawa mseto, kisha vyandarua na upuliziaji wa majumbani, na, jambo ambalo watu hulisahau, ikaleta kipimo cha haraka: tone la damu, dakika chache, jibu. Tukagundua kwamba homa nyingi hazikuwa malaria. Mwaka 2008 ukaanza mfumo wa vituo vya afya kutuma takwimu za malaria kila wiki kwa simu ya mkononi. Maambukizi yalishuka mpaka chini ya mtu 1 katika 100, na dunia nzima ikaja Zanzibar kujifunza. Hatukuishusha malaria kwa vyandarua peke yake. Tuliishusha pia kwa kuacha kukisia.

Na kupima si kitu kigeni Pemba. Sisi tuliosoma skuli za Pemba tunajua: pengine hakuna watoto waliopeleka vikopo vya choo na mkojo kwa watafiti kama sisi. Tumepimwa minyoo, tumepimwa kichocho, tumehesabiwa mayai ya wadudu chini ya darubini. Kuna maabara ya afya ya jamii pale Wawi, yenye jina la Mtaliano Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000, na tafiti zilizofanyika kisiwani hapa zinasomwa duniani kote. Kwa hiyo msituambie kwamba Mpemba hapimiki. Amepimwa sana, ila kwa maradhi yaliyochaguliwa na wengine.

Neno la umaskini nalo halitoshi. Dunia tajiri yenyewe ilikosea hapa. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977. Orodha ya kwanza ya vipimo muhimu ilitoka mwaka 2018. Miaka 41 dunia iliandika majina ya dawa bila kuwa na orodha ya vipimo, kana kwamba daktari anaota ugonjwa usiku, asubuhi anaandika cheti. Sisi tumeirithi tabia hiyo. Mfadhili anapiga picha na maboksi ya dawa. Kiongozi anazindua jengo. Nani amewahi kukata utepe wa kemikali za kupimia?

Tena ni sisi tunaohitaji kipimo kuliko mtu wa London. Vidonge hivi vinataka kukaa pakavu, penye joto lisilozidi nyuzi 25 hivi. Februari ya Chake Chake mchana huzipita nyuzi 25. Boksi limetoka kiwandani, limekaa bandarini, limekaa stoo, limekaa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la alasiri. Leo umenunua kutoka kiwanda hiki, mwezi ujao kimekosekana unapewa cha kiwanda kingine. Dozi iliyoandikwa kwenye boksi ni 100. Dozi iliyofika mwilini ni ngapi? Ni damu yako tu inayojua, nayo haijaulizwa.

*

Nina neno pia kwa wenzangu, vijana tuliosoma.

Swali ninaloulizwa kuliko yote si “unaendeleaje?” Ni “utaacha lini hizo dawa?” Linaulizwa kwa upole, kama mtu anayekutakia kuachiwa kutoka jela. Kila wiki napokea sauti kwenye simu: mganga wa tiba asilia ameponya thairoidi kwa siku 21, acha ngano, kunywa kitunguu saumu, safisha mwili sumu. Wanaonitumia wana shahada. Wengine wanasomea kemia.

Sina ugomvi na habbasoda, na asali naipenda. Ugomvi wangu ni mdogo na mkavu: nionyesheni kipimo cha kabla na cha baada. Anayesema ameponywa kwa majani, alikuwa na TSH ngapi Januari na ngapi Aprili? Ukiuliza hivyo unaambiwa huna imani. Lakini dini tuliyofundishwa inataka ngamia afungwe kwanza, kisha mtu atawakali. Kidonge changu ni kamba ya ngamia. Kipimo ni kwenda kuitazama kamba kama bado imekaza.

Mwaka jana Ramadhani ilipokaribia, mtu mzima ninayemheshimu aliniambia niache dawa mwezi mzima, mwili upumzike. Dawa hii inamezwa tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, mbali na maziwa na vidonge vya madini ya chuma. Nikamuuliza daktari wangu. Hakushtuka: meza usiku, saa kadhaa baada ya kula, ulale, baada ya Idi tupime. Nilifunga siku zangu zote isipokuwa zile za udhuru wetu wa kawaida, na dawa sikuiacha hata siku moja. Tatizo nililoambiwa ni la imani lilikuwa la saa tu.

Watu wenye miwani hawaulizwi wataacha lini kuona. Tezi yangu haifanyi kazi, kidonge kinafanya badala yake. Kukimeza kila alfajiri si kushindwa, kama kuswali kila alfajiri kusivyokuwa dalili kwamba swala ya jana ilikataliwa.

*

Na kuna ambao hawawezi kujibishana na mtu yeyote.

Mtoto aliyezaliwa na tezi isiyofanya kazi mara nyingi haonekani mgonjwa. Analala vizuri. Halii sana. Kwetu mtoto wa namna hiyo anasifiwa: mtoto mtulivu, hamsumbui mama yake. Katika nchi zinazopima watoto wote, anapatikana mmoja hivi katika kila watoto 2,000 hadi 4,000. Akianza kidonge ndani ya wiki mbili za mwanzo, anakua kama wenzake. Akichelewa miezi, ubongo unaumia na hauponi. Quebec, Kanada, walianza kuwapima watoto wote mwaka 1974, kwa kazi ya daktari Jean Dussault. Kinachohitajika ni tone la damu ya kisigino, linadondoshwa kwenye karatasi, karatasi inakauka, inatiwa kwenye bahasha. Haitaki friji. Bahasha inaweza kupanda boti ya asubuhi kutoka Mkoani na kufika Malindi pamoja na abiria. Kwetu, miaka hamsini baadaye, tone hilo bado si sehemu ya kawaida ya mtoto kuzaliwa. Ndani ya Pemba, hivi sasa, huenda kuna mtoto anasifiwa kwa utulivu wake.

Mama naye vivyo hivyo. Miezi ya mwanzo ya mimba, kichanga tumboni kinategemea homoni ya mama yake, na mwanamke anayetumia levothairoksini huhitaji dozi kubwa zaidi. Siku moja, inshaallah, nong'ono la shangazi pale jikoni litakuwa la kweli na la heri. Siku hiyo sitaki kuambiwa tutaona. Nataka kupimwa wiki hiyo hiyo.

Kwa hiyo nadai, na madai yangu hayahitaji ghorofa. Mtu asipewe levothairoksini bila tarehe ya kipimo kuandikwa kwenye cheti chake. Kama mashine ipo, kemikali zake zihesabiwe kuwa dawa, na kukosekana kwake kutangazwe kama kunavyotangazwa kukosekana kwa dawa. Kama mashine haipo, kuwe na siku moja ya wiki inayojulikana, damu ivuke, na majibu yarudi kwa simu, kama takwimu za malaria zilivyoweza kusafiri kwa simu tangu 2008. Watoto wapimwe kwa tone la kisigino. Chumvi ya Pemba iendelee kupimwa, hata kama tunadhani sasa iko sawa. Hasa tukidhani iko sawa. Na bima za afya zinazojengwa sasa ziandike kipimo pembeni ya kidonge, mstari mmoja, bei moja.

Nimerudi Madungu wiki hii. Kidonge nakimeza baada ya adhana ya alfajiri, nakaa saa nzima, ndipo bibi ananiruhusu chai na muhogo. Blanketi limerudi kabatini. Kalenda ya msikitini imetundikwa ukutani juu ya redio, na tarehe yangu ya kupima imezungushiwa wino mwekundu. Alama hiyo niliiweka mwenyewe mwaka jana. Mwaka huu ameiweka bibi. Jana shangazi alipokuja akanitazama shingoni, akanitazama tumboni, akafungua kinywa, bibi alimwahi kutoka jikoni: “Usimkisie mtoto. Anapimwa Jumatatu.”

Jumatatu nitaamka saa kumi za usiku kuwahi daladala ya Mkoani.